Mtoto Mahakamani: Uzito wa Neno

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 iliupandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14 naye huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo.

Hata kabla ya hapo, sheria ya 2001 ilikataza mtoto kutajwa kuwa 'ametiwa hatiani' au 'amehukumiwa'. Mahakama ya watoto ilipaswa kumwona na kosa, kisha kutoa amri.

Je, sisi wafasiri twalizingatia hilo? Tuandikapo 'mhalifu mdogo', twamtwika mtoto jina ambalo sheria imemtua. 'Mtoto anayekinzana na sheria' ni istilahi ndefu, ila ndiyo ya haki.