Dainamo nje, alteneta ndani: MG ya 1965 yapata mwanga Timau

Ukikutana usiku na gari la Kiingereza la miaka ya 60 kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Timau, kitu cha kwanza utakachoona si gari. Ni taa mbili za rangi ya chai ya maziwa, zinazofifia dereva akipunguza mwendo na kuamka kidogo akikanyaga mafuta. Nyuma yake kuna lori la maua linalowahi ndege Nairobi, na dereva wa lori hana habari kwamba mbele kuna kigari ambacho paa lake linamfika kiunoni.

Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa Mlima Kenya. Ngano, viazi, maua, na baridi isiyojua huruma. Ukungu ukishuka jioni, taa si mapambo. Na huku ndiko magari ya zamani yamejificha. Walowezi walikuja nayo, wengine wakaondoka wakayaacha, wengine wakauza. Mengi ni Land Rover. Utayaona yakibeba maziwa na mbolea kana kwamba mwaka ni 1966. Lakini mara moja moja hutokea kitu cha kifalme zaidi, kama MGB nyekundu niliyoikuta imefunguliwa boneti kwenye gereji moja ya jua kali hapa mjini. Namba yake ni ya zamani, ile isiyo na herufi mwishoni. Magari ya aina hii hayaingii tena kirahisi, kwa sababu sheria ya kawaida inakataza kuleta Kenya gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Yaliyoko ndiyo hayo hayo.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Injini ni ya sisi 1798, milango miwili, na ukikaa ndani unahisi makalio yako yanakaribia lami. Hii ni ya 1965. Maana yake ni kwamba umeme wake unatoka kwa dainamo ya Lucas. Wazungu wenyewe walimpa Joseph Lucas, mwenye kampuni hiyo, jina la utani: Mkuu wa Giza. Si mimi niliyesema.

Wacha nieleze dainamo ni nini, maana kizazi chetu kikisikia jenereta kinawaza ile ya kupigia muziki matangani. Dainamo ni silinda ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda wa feni. Umeme wote unaotengenezwa huzaliwa kwenye kiini kinachozunguka, kisha hutolewa nje kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua shaba. Mzigo wote unapita hapo. Ukiizungusha kwa kasi sana, shaba inaharibika. Ndiyo maana puli yake ni kubwa, ili izunguke taratibu. Na ikizunguka taratibu, injini ikiwa imetulia tu kwenye foleni, haitoi kitu cha maana. Betri ndiyo inalipa bili.

Alteneta imegeuza mambo. Kinachozunguka ni sumaku ya umeme, nao umeme mkubwa unazaliwa kwenye nyaya zilizotulia pembeni. Kaboni zake hubeba ampea chache tu za kuiamsha hiyo sumaku. Kwa hivyo inaweza kuzungushwa kwa kasi kubwa kwa puli ndogo, na hata injini ikiwa imetulia inachaji. Umeme wake ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo ndani yake kuna dayodi za kuunyoosha kabla haujafika kwa betri. Kumbuka hizo dayodi. Tutazirudia.

Sasa hesabu. Dainamo ya MGB hii, inayoitwa C40, ikijitahidi kabisa inatoa ampea 22. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja zinakula 10. Ongeza taa ndogo, koili, waipa, feni ya hita na pampu ya petroli. Umefika mwisho, na bado hujachomeka simu. Hapo ni injini ikiwa inanguruma. Ukisimama Subuiga kumpisha ng'ombe, uko kwenye deni.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu. Alilinunua kwa mkulima aliyekuwa akihama, na amelilinda hadi skrubu. Ndoto yake ni kulipeleka siku moja Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, ambako magari ya zamani hupimwa kama mabibi harusi. Kwake yeye, kutoa dainamo ni kung'oa jino zima.

Binti yake ana mawazo mengine. Anafanya kazi Nanyuki, zamu zake huisha usiku, na baba amempa funguo.

"Baba, mimi siendi mashindano. Mimi naenda kazini," alimwambia mbele yetu sote, kwa heshima, lakini bila kupepesa macho.

Mzee alinyamaza. Fundi naye akajifanya anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Mimi niko upande wa binti, na hata kiwanda kiko upande wake. Mwishoni mwa 1967, MGB mpya zilianza kutoka Abingdon zikiwa na alteneta. Wenye gari wenyewe waliona dainamo imechoka. Uingereza sasa kuna wanaouza alteneta iliyofichwa ndani ya umbo la dainamo, ili ukifungua boneti usigundue. Mzee aliipenda hiyo hadi aliposikia bei pamoja na usafiri na ushuru. Wakakubaliana hivi: dainamo inatolewa, inapakwa grisi, inafungwa kwa gunia na kuwekwa stoo pamoja na nati zake. Hakuna tundu litakalotobolewa kwenye bodi. Siku ya mashindano inarudi.

Kazi yenyewe haianzi kwa alteneta. Inaanza kwa betri. Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na upande wa chanya ndio umefungwa kwenye bodi. Ndiyo, chanya. Karibu kila gari unalolijua wewe lina hasi kwenye bodi. Alteneta nyingi zimetengenezwa kwa mtindo huo wa pili, na ukiichomeka kinyume zile dayodi zinakufa papo hapo. Hakuna kuonywa.

Kwa hivyo betri ziligeuzwa kwanza. Nyaya mbili ndogo za koili zikabadilishana nafasi, ili cheche ziendelee kuruka upande unaofaa. Taa hazijali, balbu ya kawaida haina mbele wala nyuma. Pampu ya SU ya zamani nayo haijali. Feni ya hita ilijaribiwa kama inazunguka upande wake. Redio ya zamani ilichomolewa kabisa, kwa maana redio ya chanya ukiipa hasi inageuka jiko.

Kisha alteneta. Wazo la kwanza lilikuwa ya Probox, kwa sababu spea za Probox Timau ni kama sukuma wiki. Tatizo ni mkanda. Probox ina mkanda bapa wa mistari, MG ina mkanda wa V. Fundi akapata ya Toyota ya zamani yenye puli ya V, akaenda kwa mchomeleaji jirani kutengenezewa breketi. Hapa alikaa karibu saa tatu, na sikumlaumu. Puli ya alteneta, ya pampu ya maji na ya injini lazima zisimame kwenye mstari mmoja. Zikipishana kidogo tu, mkanda unaliwa, na kwa MGB mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika usiku, umepoteza taa na injini pamoja.

Ile boksi ya Lucas iliyokuwa ikisimamia chaji, ambayo mafundi huita katauti, ilibaki mahali pake kama pambo. Alteneta ina ya kwake ndani. Lakini waya mnene wa zamani ulitengenezewa ampea 22, na hii mpya inaweza kusukuma zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo magari huungua. Waya mpya, mnene, wenye fyuzi, ulivutwa kutoka alteneta moja kwa moja hadi kwenye nati kubwa ya stata. Wenye Land Rover wasikilize pia: kama dashibodi yenu ina kile kipimo cha ampea 30, msipitishe chaji yote ya alteneta ndani yake.

Halafu kuna taa nyekundu ya dashibodi. Watu huidharau, lakini umeme mdogo unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha alteneta asubuhi. Balbu ikiungua, chaji inaweza kukataa kuanza. Ukiweka ya LED, mara nyingi ni yale yale. Binti alinunua balbu mbili za kawaida, moja ya akiba.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, gari liliwashwa. Taa kubwa, waipa, hita, vyote. Fundi akashika mita juu ya betri, injini ikiwa imetulia: volti 13.9. Akakanyaga kidogo: 14.2. Mwanga uligonga ukuta wa duka la ng'ambo hadi mwenye duka akatoka nje.

Mzee alizunguka gari mara mbili, akainama, akatazama breketi kwa tochi ya simu.

"Hamjatoboa?"

"Hatujatoboa, mwalimu."

Kilichobaki ni kipimo cha mizunguko ya injini. Kile cha Smiths cha zamani kimeundwa kwa chanya kwenye bodi, kwa hivyo sasa mshale umelala. Kitafunguliwa na kubadilishwa nyaya ndani. Fundi anamjua mtu Kirinyaga Road, Nairobi, anayefanya kazi hiyo, na kitapanda matatu Jumatatu. Kwa sasa binti anabadilisha gia kwa kusikiliza.