Bipu Moja, Kazi ya Mtandao Mzima

Ukiishiwa salio, dawa yake inajulikana: unabipu. Unapiga, unangoja simu ya mwenzio ilie mara moja, unakata. Akiona jina lako atapiga yeye. Kwa kuwa hakuna hata shilingi iliyokatwa, ni rahisi kudhani kwamba hakuna kazi iliyofanyika. Kumbe simu ya mwenzio ikianza tu kulia, mtandao umeshamaliza sehemu ngumu ya kazi yake. Kusafirisha maneno ni jambo jepesi. Kumtafuta mtu ndiko kwenye shughuli.

Tuseme mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam anambipu mama yake aliyeko Morogoro. Simu yake haina nguvu ya kufika huko. Mwisho wake ni mnara wa jirani. Wazo la kutumia vituo vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa liliandikwa mwaka 1947 na Douglas Ring, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani. Alipendekeza nchi igawanywe katika vieneo vya pembe sita, mfano wa masega ya nyuki, kila kimoja na masafa yake ya redio. Vieneo vinavyopakana visitumie masafa yaleyale, ila vilivyo mbali viyarudie. Kwa njia hiyo masafa machache huhudumia mamilioni ya watu. Ndiyo maana Kariakoo minara imebanana, na porini unaweza kusafiri kitambo kabla ya kuuona mwingine. Hata hivyo umbali una kikomo: kwa kawaida 2G humfikia mtu aliye ndani ya kilomita 35, kwa sababu mawimbi yanayotoka mbali zaidi huchelewa, yakaingilia zamu ya simu nyingine.

Mnara ni mlango tu. Kutoka hapo ombi hupita kwenye mkongo, au kwenye yale madishi ya duara yanayofanana na ngoma, hadi kwenye kiini cha mtandao. Huko swali la kwanza ni: wewe ni nani? Jibu limo kwenye laini. Ndani yake kuna namba ya utambulisho yenye tarakimu zisizozidi 15, tofauti na ile unayowapa marafiki. Ya laini za Tanzania huanza na 640, za Kenya 639. Kuna pia ufunguo wa siri, ambao nakala yake iko kwa kampuni ya simu. Siri hiyo haipiti hewani hata siku moja. Mtandao hutuma namba ya kubahatisha, kila upande huikokotoa kwa siri yake, na majibu yakilingana, mlango unafunguliwa.

Swali la pili: mama yuko wapi? Simu yake, hata ikiwa imetulia mkobani, hujiripoti kila inapoingia eneo jipya. Daftari kuu la wateja linajua kituo kinachomhudumia sasa. Kituo hicho nacho kina daftari la wageni, linaloonyesha eneo alilomo, si mnara. Kwa hiyo minara yote ya eneo hilo hupiga mbiu moja kumwita, na simu yake peke yake huitika. Hapo hupewa njia ya redio, kisha hulia.

Hapa ndipo ilipo siri ya ile sauti ya “haipatikani kwa sasa”. Simu inayozimwa kwa kitufe huaga kwanza, daftari likaandika, na wewe unajibiwa papo hapo. Simu iliyotolewa betri ghafla, au iliyomo kwenye basi lililoingia bondeni, haikuaga. Mtandao hupiga mbiu, hungoja, na ndipo unapojibiwa baada ya kimya kirefu.

Mazungumzo haya yote ya mitambo hupita kwenye njia nyembamba ya ishara, mbali na njia ya sauti. Ujumbe mfupi ulibanwa humohumo, ndiyo maana ukawekewa kikomo cha herufi 160. Menyu za nyota na reli nazo hupita huko, na ndiyo sababu unaweza kutuma pesa ukiwa huna bando.

Katika 4G na 5G, sauti yenyewe hukatwakatwa na kusafiri kama data nyingine, na madaftari yamekuwa programu ndani ya kompyuta kubwa. Majina ya mitambo yamebadilika. Maswali ni yaleyale: wewe nani, uko wapi, nikupitishe wapi?

Mwanafunzi wetu amekata. Saa ya malipo huanza kuhesabu pale tu simu inapopokelewa, kwa hiyo salio lake liko vilevile. Utambulisho, msako na mbiu vyote vimefanyika kwa gharama ya kampuni ya simu. Atakayelipa ni mama, akipiga.