Sungura wa Geto: Mradi Ukifa, Wao Wanabaki

Wanachuo wenzangu, tuzungumze kidogo kuhusu sungura. Sisemi wale wa semina za ujasiriamali, ambapo mtoa mada anapiga hesabu ubaoni: jike mmoja, watoto saba, baada ya muda mfupi anazaa tena, mwisho wa mwaka wewe ni tajiri. Nasema wale wanaobaki hesabu hiyo ikigoma. Bumu limekata, mnunuzi aliyeahidi hapokei simu, na mwenye mradi yuko mwaka wa tatu, wiki ijayo anarudi kwao. Banda la mbao linabaki nyuma ya geto, na ndani yake kuna viumbe wanaokula kila siku.

Mwaka jana hapa Mbeya, mimi na mwenzangu wa chumba tulichukua sita wa namna hiyo kutoka kwa kaka mmoja aliyekuwa anahama. Wawili tunaishi nao ndani mpaka leo. Wawili wako Iringa kwa bibi yangu. Wawili waliliwa na watu waliowaomba kwa uwazi kabisa, na sioni dhambi hapo. Sungura ni kitoweo kwa anayekula. Ninachokataa ni mnyama kufungiwa bila maji mpaka afe mwenyewe. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa aina hiyo, ingawa sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye semina hizo.

Kabla hujambeba yeyote, jua unambeba nani. Kiswahili kinatumia neno moja, sungura, kwa wanyama wawili tofauti. Yule mjanja wa hadithi za bibi, anayemzidi fisi akili, ni wa porini: hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi. Huyo ni mnyamapori, mwache alipo. Wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, na kwa asili anaishi mashimoni pamoja na wenzake. Ndiyo maana anazoea chumba, chini ya kitanda hasa, na ndiyo maana akiwa peke yake ananyong'onyea.

Nyanda za Juu zinamfaa kuliko Dar. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yetu ya Juni na Julai anaivumilia vizuri maadamu ni mkavu na hapigwi na upepo. Joto la nyuzi 30 ndilo linalomtesa. Lakini ile tabia yetu ya kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga dirisha, acha. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu, sembuse mnyama wa kilo mbili.

Sasa chakula, na hapa ndipo wengi wanapotea. Picha za vitabuni zimetudanganya na karoti. Karoti ina sukari nyingi, mpe kipande kama pipi. Chakula chake ni nyasi, tena kavu, na ziwepo muda wote. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo zinayasaga. Akilishwa pumba na mabaki ya ugali, meno yanarefuka mpaka anashindwa kutafuna. Nyasi pia ndizo zinasukuma tumbo. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia kibaya kinabaki humo. Sisi tunakata nyasi pembeni ya mashamba, mbali na barabara na mbali na palipopigwa dawa, tunazianika siku mbili tatu. Majani mabichi kama mchunga tunaongeza kidogo. Kabichi, ambayo sokoni Soweto unaokota majani yake bure, ikizidi inamjaza gesi.

Na parachichi! Tunaishi katika nchi ya parachichi, kuanzia Rungwe mpaka Njombe, ganda lake liko kila pipa la taka. Kwa sungura ni sumu, tunda na majani pia. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya vilevile usimpe.

Usishtuke ukimwona anainama na kula kinyesi chake laini. Chakula kinapita tumboni mara mbili, ndivyo alivyoumbwa. Shtuka asipokula kabisa. Saa 12 bila kula na bila kunya ni dharura, usingoje mpaka kipindi kiishe. Mpigie afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo. Usikimbilie duka la dawa ukanunua amoksilini kwa sababu wewe ilikuponya kikohozi: sungura akiimeza, inaua vijidudu vizuri vya tumboni na yeye anafuata.

Jinsia mthibitishie mtaalamu siku ya kwanza. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Ukiweka dume na jike chumba kimoja, umeanzisha upya mradi uliokuwa unauzika. Sisi tuna majike wawili waliokua pamoja. Madume wawili watapigana vibaya wakikomaa, na dume aliyehasiwa akae mbali na majike kwa wiki sita hivi, maana bado anaweza kupachika mimba.

Mengine ni mazoea. Huchagua kona moja ya kukojoa. Weka beseni lenye nyasi hapohapo, badilisha kila siku, harufu ya mkojo isimchome mapafu. Usimnyanyue kwa masikio, shika kifua na makalio kwa pamoja, maana akirusha miguu hewani anaweza kujivunja mgongo. Waya za chaja zipandishe juu. Hilo halina mjadala, kwake waya ni mzizi uliozuia njia ya shimo.

Mama mwenye nyumba alitukatalia mwanzoni. Tulimwalika aje anuse chumba wakati wowote bila taarifa, akaja mara mbili, ya pili alikuja na mjukuu wake. Kwa bibi, Iringa, ilikuwa kazi zaidi. Tulimaliza "kamwene" zote, akatazama tenga, akauliza:

"Mjukuu wangu, hawa tunawala lini?"

"Hatuwali bibi, wanakaa tu."

"Wanakaa wanafanya nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia mbolea yao inawekwa bustanini moja kwa moja bila kuungua mboga, akakubali kwa hiyo tu. Sasa wanalala jikoni kwake, na simu za Jumapili zinaanza na habari zao. Mmoja amempa jina la marehemu shangazi yake, kwa sababu ya kupiga mguu chini akichukia.

Hutunzwa miaka minane, kumi, hata zaidi. Wewe digrii yako ni miaka mitatu au minne. Kwa hiyo mtafute mapema mtu wa kuwapokea, umwulize kabla hujalichukua tenga.