Hadley: Kata Iliyoanzia Kwenye Karatasi

Wengi huamini kwamba kijiji huanza na maji, kuni na udongo mzuri, kisha serikali hufuata na ramani yake. Kata ya Hadley, wilayani Pike katika jimbo la Illinois, Marekani, ilianza kinyume chake. Iko kati ya mito Mississippi na Illinois, na kabla walowezi hawajaanza kulima huko, wapima ardhi walikwisha kupita. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza kila kata iwe mraba wa maili sita kila upande, wenye vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Wapimaji walivuta mnyororo wa futi 66, mara themanini kwa kila maili. Penye miti walichanja alama kwenye magome. Penye nyasi tupu walisimika kigingi na kurundika udongo. Mistari ile haikujali kilima wala kijito, na wala haikuwajali Wasauk na Wameskwaki, ambao nchi yao ilikuwa imechukuliwa kwa mkataba wa mwaka 1804 uliotiwa saini na wachache wao. Ardhi ikagawiwa wanajeshi wa vita vya 1812, ekari 160 kila mmoja. Wengi wao hawakufika kamwe. Waliuza hati zao.

Wapo watakaosema kwamba walowezi wa kwanza walijenga kandokando ya misitu na vijito, kwa hiyo maumbile ndiyo yaliyoamua. Ni kweli, kwa upande wa mahali pa kujenga nyumba. Lakini nani awe mwenye shamba, na nani aweze kufukuzwa, hilo liliamuliwa na hati. Hakuna aliyelijua hili vizuri kuliko Frank McWorter, aliyezaliwa utumwani mwaka 1777 huko South Carolina. Akiwa Kentucky alitengeneza shura ya baruti, akamkomboa mkewe Lucy mwaka 1817, na yeye mwenyewe mwaka 1819. Alinunua shamba la Hadley kabla ya kuliona, akahamia huko mwaka 1831, katika jimbo ambalo sheria yake ilimdai mtu mweusi mgeni dhamana ya dola 1,000. Mwaka 1836 alipima huko mji wa New Philadelphia: ekari 42, viwanja 144. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kumpa jina kamili, ili kwa jina hilo aweze kununua, kuuza na kushtaki mahakamani. Viwanja vilinunuliwa na weusi na weupe, na kwa jumla, katika maisha yake, fedha za McWorter ziliwakomboa watu 16 wa jamaa yake, yeye akiwamo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba karatasi, yaani ramani na hati, haikuuokoa mji huo. Reli ya mwaka 1869 ilipita yapata maili moja kaskazini, biashara ikaifuata, na mwaka 1885 sehemu ya viwanja ikafutwa rasmi na kurudi kuwa shamba. Lakini reli nayo ni mstari uliochorwa na watu wenye mamlaka, na kuanguka kwa mji kunaonyesha nguvu ileile iliyouanzisha. Tena ramani ya McWorter ilibaki katika kumbukumbu za wilaya. Wanaakiolojia waliochimba katika karne hii waliitumia kutambua mitaa na viwanja chini ya majani, na mwezi Desemba 2022 mahali hapo pakawa eneo la kihistoria la taifa.