Kipimo cha Kamera na Alama za Utumbo Mpana

Kuharisha damu kunapokoma, mgonjwa mwenye uvimbe na vidonda sugu vya utumbo mpana huamini amepona, akaacha dawa. Hata hivyo, nafuu ya nje si ushahidi wa kupona kwa ndani. Ndiyo maana daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa, akautazama ukuta wa utumbo na kuupa alama.

Mfumo utumikao sana ni wa Mayo, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1987. Alama 0 humaanisha ukuta ni mzima au ugonjwa umetulia. 1, wekundu kidogo na mishipa ya damu iliyofifia. 2, wekundu mkali, mishipa isiyoonekana na michubuko. 3, vidonda na damu inayovuja yenyewe. Kwa alama hizo daktari huamua kuendeleza, kuongeza au kubadilisha dawa.

Wananchi wanakumbushwa kuwa damu katika choo ina sababu nyingi, zikiwemo amiba, kichocho cha tumbo na saratani. Mwenye dalili hiyo afike zahanati mapema. Na aliyekwishaanza dawa asiiache bila ushauri wa daktari.