Mnunuzi wa Kisa: Tijara ya Vitabu vya Watoto Vinavyofunza Uchumi

Mwishoni mwa mwaka 1831, Harriet Martineau, mwanamke wa Norwich aliyekuwa na uziwi tangu ujana wake, na ambaye biashara ya nguo ya jamaa zake ilikuwa imefilisika miaka miwili kabla, alizunguka London akibisha milango ya wachapishaji na shauri ambalo karibu wote walilikataa: kwamba ilimu ya uchumi, iliyokuwa imefungiwa katika vitabu vizito vya wanazuoni, isimuliwe kwa hadithi fupi, kila mwezi kitabu kimoja. Charles Fox, aliyekubali hatimaye, alimtaka apate kwanza watu 500 wa kujiandikisha kununua. Mfululizo ulianza mwaka 1832, ukamalizika mwaka 1834 kwa vitabu 25, na miongoni mwa wasomaji wake alikuwamo Victoria, ambaye wakati ule alikuwa binti mdogo asiyejua bado uzito wa taji.

Naanza na sharti la Fox kwa kuwa ndilo linaloieleza tijara hii kuliko sifa zote za mwandishi. Kisa kinachomfunza mtoto habari za mali na dhamana ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na anayelipia uchapaji wake ndiye aghalabu anayechagua maadili yake.

Tutazame Marekani ya leo. Katika jimbo la Utah, Connor Boyack alitoa mwaka 2014 kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Tuttle Twins, unaowahusu mapacha wawili wanaojifunza sheria, soko na fedha, picha zikiwa zimechorwa na Elijah Stanfield. Kila kitabu kina asili yake katika maandishi ya watu wazima: cha kwanza kimejengwa juu ya risala ya Mfaransa Frédéric Bastiat ya mwaka 1850 kuhusu sheria, na kingine juu ya insha ya Leonard Read ya mwaka 1958 inayosimulia jinsi penseli moja inavyokusanya kazi za mikono ya watu wasiojuana kabisa. Mamilioni ya nakala yameuzwa, sehemu kubwa moja kwa moja kwa wazazi, na wengi wao ni wale wanaowasomesha watoto wao nyumbani. Mwandishi hafichi mwelekeo wake, yaani soko huru, serikali ndogo, na kila mtu kuwajibika kwa nafsi yake. Na mzazi anayenunua hununua itikadi ambayo tayari ameikubali.

Kisa cha penseli ni kizuri, nami sisiti kukisifu. Lakini mtoto wa Pemba hana haja ya penseli, maadam anayo karafuu. Anawaona wachumaji juu ya mikarafuu, anakaa na bibi yake jioni kuchambua makonyo, anafukuza kuku waliopanda majamvini, na anajua kwamba mnunuzi ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Asilolijua ni kwamba kwa miaka mingi karafuu nyingi za visiwa vyake zilikwenda Indonesia, kusagwa na kutiwa katika sigara za kretek. Kwamba Waindonesia walipanda mikarafuu yao wenyewe hata ikawatosha. Na kwamba katika miaka ya 1980 bei ya dunia iliporomoka, na mkulima wa Wete akapata hasara ilhali alikuwa amepalilia, amechuma na amekausha kama alivyofanya siku zote. Hicho ndicho kisa ambacho ningependa kukiona kimechapwa kwa rangi, kwa sababu ndani yake mtoto atakuta bidii ya mtu na mambo yaliyo nje ya uwezo wake yakiwa bega kwa bega. Atauliza kwa nini mnunuzi awe mmoja, atauliza vilevile ingekuwaje kama asingekuwapo hata huyo mmoja, na hakuna jibu fupi la kumpa.

Nani atakilipia? Afrika Mashariki mzazi ni mnunuzi dhaifu wa hadithi, na sababu zake zinahesabika. Kitabu cha picha kina gharama zisizopungua hata zikichapwa nakala chache: mchoraji, mhariri, na matayarisho ya rangi. Tukadirie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba gharama hizo ni shilingi milioni 6 za Tanzania. Nakala 1,000 zitabeba shilingi 6,000 kila moja kabla ya kuhesabu karatasi, na nakala 10,000 zitabeba 600. Wachapishaji wengi hupeleka kazi India ili kupunguza gharama, kisha hulipa meli na kungoja. Nchini Kenya, tangu sheria ya mwaka 2013, vitabu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kodi ambayo sioni insafu yake, kwa kuwa humwangukia yule mzazi ambaye tulikuwa tukimbembeleza anunue.

Kwa hiyo mnunuzi mkubwa amekuwa ama serikali ama mfadhili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulimwahidi mchapishaji kununua sehemu kubwa ya nakala zake na kuzipeleka shuleni, na kwa njia hiyo hadithi nyingi za Kiswahili zilizaliwa ambazo zisingalizaliwa. Nchini Kenya nako, tangu mwaka 2018 serikali imevipeleka vitabu vya kiada shuleni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, jambo lililowafikishia wanafunzi vitabu, lakini likamwondolea muuza vitabu wa mjini riziki iliyomwezesha kuweka hadithi katika rafu zake. Duka likifungwa kwa kukosa vitabu vya kiada, hadithi nazo huondoka.

Athari ya kumtegemea mnunuzi asiye mzazi huonekana katika visa vyenyewe. Benki na miradi ya elimu ya fedha hupenda hadithi ya kibubu: mtoto anaweka sarafu, mwenzake anakula peremende, na mwisho wa mwaka mmoja ana baiskeli na mwingine analia. Siipingi hadithi hiyo, kwani kuweka akiba ni hulka njema. Lakini mtoto anayetumwa dukani na daftari la mkopo, ambaye mama yake hucheza upatu na majirani, anaishi katikati ya maarifa makubwa zaidi. Anaweza kufahamu kwa nini kijumbe wa mchezo huaminiwa fedha za wenzake, nini hutokea aliyepokea mapema anapoacha kutoa, na kwa nini mwenye duka huchagua wa kumkopesha. Uwajibikaji hapo haumhusu mwenye sarafu peke yake. Unamhusu pia aliyeshika amana ya wengine, ambaye katika hadithi ya kibubu hatajwi kamwe.

Tangu mwaka 2014 kuna njia nyingine: African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, hutoa hadithi bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mwalimu mwenye simu anaweza kuzisoma na hata kuzifasiri. Faida yake ni dhahiri kwa shule isiyo na maktaba. Hata hivyo bure ya msomaji ina mlipaji wake mahali fulani, na mchoraji wa Tanga au Mombasa bado anahitaji ujira. Wachapishaji wetu wangejaribu sharti la Charles Fox kwa vyombo vya leo: kutangaza kisa cha karafuu kabla ya kukichapa, na kuwataka wazazi 500 watume bei yake kwa simu, kila mmoja kwa jina la mwanawe.