"Reverse" au "refund"? Jua tofauti kabla hujarudisha pesa ya mtu

"Nifanyieni refund, nimekosea namba." "Mama, nifanyie reverse, hizi viatu hazinitoshi." Tunasikia hivi kila siku, na maneno yote mawili yamekaa mahali pasipo pake. Yanafanana mwanzoni, lakini asili yao Kilatini ni tofauti: "reverse" ni kugeuka nyuma, "refund" ni kumwaga tena. Ukiyachanganya, unaweza kupoteza pesa yako.

Reverse. Tuktuk ikiingia kichochoro kisicho chake hapa Manyatta, dereva hupiga reverse: gari ni lile lile, njia ni ile ile. Pesa pia ni hivyo. Aliyetuma anaomba, kampuni inakagua, na muamala ule ule unarudishwa nyuma.

Refund. Hii ni safari mpya. Umenunua viatu Kibuye kwa 800, saizi imekataa, muuzaji amekubali kukurudishia. Anatuma 800 kutoka kwa salio lake. Muamala wa kwanza unabaki ulivyo. Huu ni wa pili, una kodi yake.

Wakora hupita katikati ya hayo maneno mawili. Mtu usiyemjua anakutumia 2,000, kisha anapiga simu akilia: "Nimekosea namba, tafadhali nirudishie." Kwa huruma unamtumia 2,000. Hiyo ni refund. Halafu anaomba reverse ya ile ya kwanza. Akifaulu, umetoa 4,000 na ulipokea 2,000 tu.

Ukipigiwa simu kama hiyo:

1. Angalia salio lako kwanza. Meseji peke yake si pesa. Kuna za kughushi.
2. Usitume kitu, na usitoe ile pesa. Mwambie kwa upole, "Omba reverse, mimi sitaigusa." Aliyekosea kweli hatakosa kitu.
3. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Na kama ni wewe umekosea namba, fanya haraka. Kwa M-PESA ya Kenya, unatuma ile meseji ya muamala kwa 456. Pesa ikishatolewa na mpokeaji, kuirudisha huwa kazi ngumu.

Kwa kifupi: aliyekosea namba aombe reverse kwa kampuni. Aliyerudisha viatu aombe refund kwa muuzaji.